Uandishi wa Habari wa Kujitolea na Lugha ya Vyama vya Maendeleo: Luvungi na Bonde la Ruzizi

1.0 Utangulizi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziko Luvungi mbili. Ya kwanza imo Walikale, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini. Jina lake lilienea duniani kutokana na maovu yaliyotendeka tangu tarehe 30 Julai hadi tarehe 2 Agosti 2010, wakati makundi yenye silaha yalipovamia vijiji kadhaa na kuwabaka wakazi wake. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliotendewa unyama huo katika vijiji 13. Luvungi ya pili imo katika bonde la Ruzizi, mkoa wa Kivu ya Kusini, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira. Hiyo ndiyo inayohusika katika makala haya.

Mtu aliye mbali anayetafuta habari za Luvungi hukutana kwanza na ile ya Walikale, na mara nyingi hafahamu kwamba iko nyingine. Jambo hili si la bahati mbaya tu. Mahali pengi pa mashariki ya Kongo hufahamika kwa watu wa nje siku ile ya msiba, tena kwa kalamu ya mgeni aliyekuja kwa ajili ya msiba huo na kuondoka ulipokwisha. Maisha ya siku nyingine zote, yaani mavuno ya mpunga, mkutano wa chama cha akiba, zahanati iliyokosa dawa au kinu kilichoharibika, hayaandikwi na mgeni. Yakiandikwa au kutangazwa, kazi hiyo hufanywa na wenyeji wasiolipwa mshahara.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi ya wenyeji hao, hasa wanapotoa habari za vyama na mashirika yasiyo ya faida yanayofanya kazi katikati yao. Hoja inayotetewa ni kwamba uandishi wa namna hii hauwezi kupimwa kwa wingi wa matangazo yake, bali kwa uwezo wa mwanachama wa kawaida kufahamu chama chake kimefanya nini, kwa fedha ya nani, na kwa uamuzi wa nani. Hoja ya pili, ambayo ni muhimu zaidi kwa wanafunzi wa Kiswahili, ni kwamba uwezo huo hutegemea lugha, na hata sarufi, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa.

2.0 Luvungi na Vyama Vyake

2.1 Mahali

Msafiri atokaye Bukavu hupita Nyangezi, akateremka mteremko mkali wa Ngomo, akafika Kamanyola. Kutoka hapo bonde hufunguka mbele yake hadi Uvira na Ziwa Tanganyika. Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika, ndio mpaka wa Kongo na Rwanda, na kisha wa Kongo na Burundi. Luvungi imo kati ya Kamanyola na Uvira, katika himaya ya mwami wa Wafuliiru, nayo kiutawala iko chini ya Uvira. Bukavu, hata hivyo, ni makao makuu ya mkoa, na hapo ndipo mashirika mengi makubwa yalipoweka ofisi zake.

Watu wa bonde hulima mpunga, muhogo na mahindi, hufuga ng'ombe, na hufanya biashara kuvuka mto. Lugha zinazosikika ni nyingi: Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, Kivira, na Kishi cha watu wa milima ya Bukavu. Kiswahili ni lugha ya soko, ya stendi ya magari, ya mahubiri na ya mkutano unaokusanya watu wa asili mbalimbali. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kifaransa ndicho lugha rasmi, na ndicho lugha ya mikataba na ripoti.

2.2 Vyama

Neno "chama" katika mazingira haya lina maana pana. Kipo kikundi cha watu wachache wanaochangiana fedha kwa zamu, ambacho katika sehemu nyingi za Kongo huitwa likelemba. Vipo vyama vya akiba na mikopo vya kijijini, vyama vya wakulima, vya wanawake, vya kutetea haki za binadamu, na vya makanisa. Vingi kati yake havina hati yoyote. Vile vilivyosajiliwa huongozwa na Sheria Na. 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu vyama visivyo vya faida.

Wingi wa vyama katika Kivu una sababu zake. Tangu miaka ya 1980 dola ya Zaire ilizidi kudhoofika, na wananchi wakalazimika kujitengenezea wenyewe barabara, shule na huduma ambazo serikali ilishindwa kuzitoa. Kisha wakaja wakimbizi: Warundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na Wanyarwanda mwaka 1994. Pamoja nao yakaja mashirika ya kimataifa. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vikaongeza mahitaji na kubomoa kidogo kilichokuwa kimebaki cha huduma za umma.

Matokeo yake ni mpangilio wa ngazi tatu. Chini kuna kikundi cha kijiji. Kati kuna shirika la Bukavu au la Uvira. Juu kuna mfadhili, ambaye aghalabu yuko Ulaya au Marekani. Katika mpangilio huo fedha hushuka na ripoti hupanda. Ripoti huandikwa kwa mfadhili, kwa lugha ya mfadhili, na kwa maswali ambayo mfadhili ameyauliza. Mwanachama wa kijiji, ambaye jina lake limehesabiwa katika ripoti hiyo, haisomi. Pengo hilo ndilo uwanja wa mwandishi wa kujitolea.

3.0 Chimbuko la Uandishi Huu katika Kivu ya Kusini

Hadi mwaka 1990 redio na televisheni zilikuwa mali ya dola. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, na magazeti ya watu binafsi yakaanza kuchipua, hasa Kinshasa. Mikoani gazeti halikuwa na nguvu sana: karatasi ilikuwa ghali, barabara zilikuwa mbovu, na wasomaji wa Kifaransa walikuwa wachache. Redio ndiyo iliyofaa.

Mwaka 1993 mashirika ya maendeleo ya Kivu ya Kusini yalianzisha mjini Bukavu kituo kilichoitwa Radio Maendeleo. Jina lenyewe lina maana. Mashirika hayo yaliyozoea kujiita kwa vifupisho vya Kifaransa yalichagua neno la Kiswahili kwa ajili ya chombo ambacho kingezungumza na watu. Kituo hiki hakikuwa cha serikali, cha kanisa wala cha mfanyabiashara. Kilikuwa cha vyama vyenyewe. Ndiyo kusema tangu siku ya kwanza kilibeba swali ambalo litarejewa hapa chini: je, redio inayomilikiwa na vyama inaweza kutoa habari za vyama bila woga wala upendeleo?

Historia yake haikuwa nyepesi. Mwaka 1999, chini ya utawala wa kundi la RCD lililokuwa limeshika mashariki ya nchi, kituo kilifungwa. Kilifunguliwa tena mwaka 2001, kikafungwa mara nyingine mwezi Desemba 2002, na baadhi ya watumishi wake wakakamatwa. Chini ya mabishano hayo kulikuwa na swali la mpaka kati ya maendeleo na siasa. Mpaka huo ni mgumu kuuchora: mwananchi anapouliza kodi yake imekwenda wapi, au kwa nini daraja halijajengwa, anazungumzia maendeleo na siasa kwa sentensi moja.

Njia muhimu iliyotumika kufika vijijini ni klabu za wasikilizaji. Katika klabu, majirani hukusanyika kusikiliza kipindi, hukijadili, kisha huandaa habari zao wenyewe na kuzipeleka redioni. Msikilizaji hugeuka kuwa mtoa habari. Njia hiyo hiyo ilifuatwa na chama cha wanawake waandishi wa habari wa Kivu ya Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama AFEM, kilichoanzishwa mwaka 2003, ambacho kilihimiza klabu za wanawake wa vijijini. Aidha, katika Mugogo, upande wa Walungu, shirika la wanawake wakulima liitwalo Sauti ya Mwanamke Kijijini lina kituo chake, Radio Bubusa. Hapo tena jina la Kiswahili limetangulia, nalo linatamka wazi ni nani mwenye sauti.

4.0 Kazi ya Mwandishi wa Kujitolea

Mwandishi wa kujitolea wa bonde la Ruzizi si mtu wa ofisi. Aghalabu ni mwalimu, mkulima, mwuguzi, mwanafunzi au muuza duka. Hupata habari kwa sababu anaishi pale zinapotokea. Zamani alihitaji kinasa sauti na kaseti, na dereva mwaminifu wa kuifikisha kaseti mjini. Leo simu ya mkononi hunasa sauti na kuituma, endapo umeme na mtandao vipo. Chombo kimebadilika lakini kazi haikubadilika sana.

Kazi hiyo ina hatua nne. Ya kwanza ni kuhudhuria. Mkutano mkuu wa chama, siku ya kugawana akiba, au siku ya kukabidhi mashine ni nafasi ambazo mgeni wa mjini hazifiki. Ya pili ni kuuliza, si viongozi peke yao bali pia wanachama wa kawaida na wale waliojitoa katika chama. Ya tatu ni kuthibitisha: kuona daftari, kuhesabu mifuko, kwenda hadi kwenye kisima kinachosemwa kimechimbwa. Ya nne ni kurudi. Hatua hii ya mwisho huachwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa. Siku ya kuzindua kisima kuna nyimbo na hotuba, na kila chombo cha habari hualikwa. Miezi sita baadaye, pampu inapokuwa imevunjika, hapana anayealika mtu. Mwenyeji peke yake ndiye anayejua, kwa kuwa anachota maji hapo.

Ni dhahiri basi kwamba ubora wa mwandishi wa namna hii hautokani na masomo ya uandishi, ingawa mafunzo yanafaa sana. Unatokana na ukaaji wake. Lakini ukaaji huo huo, kama itakavyoonyeshwa, ndio udhaifu wake.

5.0 Suala la Lugha

5.1 Kiswahili cha bonde na Kiswahili cha ripoti

Wanaisimu wameshughulikia Kiswahili cha Kongo kwa muda mrefu. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi lugha hii ilivyotumiwa na kupangwa na utawala wa kikoloni wa Wabelgiji. Didier Goyvaerts naye alichunguza hali ya lugha mjini Bukavu. Kwa jumla Kiswahili cha Kivu kina sifa zake: kiambishi ba- mahali pa wa-, upatanisho wa ngeli uliorahisishwa, na maneno mengi yaliyotoka katika Kifaransa. Mtu wa Bukavu atasema feza na franga, komite na prezida, proje na animatere.

Kwa mwandishi wa kujitolea, lugha hii si kasoro ya kusahihishwa, ni chombo cha kazi. Mwanachama anayeisikia huielewa na hujiona ana haki ya kujibu. Habari ikisomwa kwa Kiswahili sanifu kilichojaa istilahi, msikilizaji huiheshimu lakini haihoji.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, haliko kati ya Kiswahili cha Kongo na Kiswahili sanifu. Liko kati ya Kiswahili cha watu na Kiswahili cha ripoti. Kiswahili cha ripoti kipo Bukavu, kipo Nairobi, kipo Dar es Salaam. Huzaliwa pale ripoti ya Kifaransa au ya Kiingereza inapofasiriwa neno kwa neno ili isomwe mbele ya wananchi. Msamiati wake unafahamika: walengwa, wanufaika, kujengewa uwezo, kuhamasishwa, utekelezaji, uendelevu. Neno walengwa linastahili kuangaliwa kwa makini. Asili yake ni kitenzi lenga. Mlengwa ni yule aliyelengwa, kama shabaha. Mwanachama aliyetoa mchango wake, akachimba mtaro kwa mikono yake na kumchagua mwenyekiti wake, katika ripoti amekuwa kitu cha kuelekezewa msaada. Si mwenye chama tena.

5.2 Kutendwa bila mtenda

Sifa ya pili ya Kiswahili cha ripoti ni ya kisarufi, nayo ni matumizi ya kauli ya kutendwa bila kumtaja mtenda. Fedha zilitumiwa. Mafunzo yalitolewa. Mashine ilinunuliwa. Kamati iliundwa. Kila sentensi ni sahihi, na kila sentensi inaficha jambo moja: nani? Kiswahili kinaruhusu kutaja mtenda kwa kutumia na, lakini hakilazimishi. Mwenye kuandika ripoti hutumia uhuru huo.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya tu. Chukuliwe kwamba ripoti ya shirika fulani inasema:

"Katika kipindi cha utekelezaji mashine moja ya kusaga muhogo ilinunuliwa na kukabidhiwa kwa walengwa, na walengwa 40 walijengewa uwezo katika uendeshaji wake."

Mwandishi wa kujitolea aliyefika mahali penyewe, akauliza na kuangalia, angeweza kutangaza hivi:

"Chama cha wakulima kina mashine ya kusaga muhogo. Komite ndiyo iliyoinunua mjini Bukavu, kwa feza za mfadhili na michango ya wanachama. Ufunguo anao mweka hazina. Kila anayesaga hulipa, na malipo huandikwa katika daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kuliomba siku ya mkutano. Tangu wiki iliyopita mashine imesimama. Komite inasema mkanda umekatika na fundi anangojwa kutoka Uvira. Wanachama wawili wanasema feza ya kununua mkanda ilikwisha kuchangwa."

Habari hii ya pili si ndefu mno, wala haimtuhumu mtu. Haina neno la ukali. Lakini vitenzi vyake vikuu vina wenyewe: komite ilinunua, mweka hazina ana ufunguo, anayesaga hulipa, wanachama wanasema. Msikilizaji anajua amwulize nani, siku gani, na aombe kuona nini. Aidha maelezo ya pande mbili yamewekwa bega kwa bega bila mtangazaji kujifanya hakimu. Kwa hiyo yaweza kusemwa kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa kujitolea ni ya kisarufi: kukirudishia kitenzi mtenda wake.

5.3 Hesabu na lugha

Jambo la tatu ni hesabu. Ripoti hutaja fedha kwa dola za Kimarekani, wakati mwanachama huhesabu kwa franga za Kongo, kwa mifuko ya mpunga, au kwa siku za kibarua. Kiasi kinachosomwa kwa dola mbele ya mkutano husikika kama jina la mbali. Mwandishi anayekigeuza kiwe idadi ya mifuko ya mbegu, au bei ya mabati ya paa moja la darasa, amefanya tafsiri iliyo muhimu kuliko tafsiri ya maneno. Baada ya hapo mwanachama anaweza kulinganisha alichoambiwa na alichokiona.

6.0 Vikwazo

6.1 Umiliki na malipo

Kikwazo cha kwanza ni kile kilichodokezwa tayari: chombo cha habari mara nyingi ni mali ya vyama vyenyewe, au huishi kwa matangazo yanayolipiwa na mashirika. Kipindi kinachoitwa cha maendeleo chaweza kuwa tangazo lililovaa nguo za habari. Kwa waandishi wa Kongo kuna desturi mashuhuri iitwayo kwa Kifaransa coupage, yaani fedha ambayo mwenye tukio humpa mwandishi aliyehudhuria. Mwenye mshahara mdogo huipokea kama nauli. Asiye na mshahara kabisa huiona kama haki. Matokeo ni kwamba tukio lenye fedha hutangazwa na lisilo na fedha husahauliwa. Kulaumu desturi hiyo ni rahisi. Kuiondoa ni vigumu maadamu mtu anatarajiwa kufanya kazi bila chakula. Baadhi ya tiba zinazowezekana ni nyepesi: nauli ilipwe na klabu kutokana na michango ya wasikilizaji, na tangazo la kulipiwa litajwe waziwazi hewani kuwa limelipiwa.

6.2 Ujirani

Kikwazo cha pili ni ujirani. Mwandishi wa mjini akikosea, hupanda gari na kurudi mjini. Mwandishi wa Luvungi atakutana kesho sokoni na mweka hazina aliyemtaja. Pengine ni shemeji yake. Pengine yeye mwenyewe ni mwanachama, na karo ya watoto wake hutoka katika mkopo wa chama hicho. Zaidi ya hayo, katika bonde ambalo mashindano ya ardhi na madaraka yamegusa mara kwa mara mahusiano ya makabila, habari juu ya chama kimoja yaweza kusikilizwa kama habari juu ya watu wa asili fulani. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, katika bonde hilihili. Mahali penye kumbukumbu kama hizo, neno lililotamkwa bila uangalifu halibaki neno tu. Kutaja cheo cha mhusika badala ya asili yake, na kumpa nafasi ya kujibu kabla habari haijatoka, ni ulinzi wa jamii nzima na wa mwandishi pia.

6.3 Usalama

Kikwazo cha tatu ni hatari kwa maisha. Mjini Bukavu waandishi watatu wa redio waliuawa katika muda wa miaka mitatu: Serge Maheshe mwezi Juni 2007 na Didace Namujimbo mwezi Novemba 2008, wote wawili wa Radio Okapi, kisha Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star mwezi Agosti 2009. Kabla yao, tarehe 31 Julai 2005, alikuwa ameuawa Pascal Kabungulu, katibu mtendaji wa Héritiers de la Justice, shirika la haki za binadamu la mjini humo. Hao walikuwa watu wanaojulikana, na vifo vyao vilipigiwa kelele hata nje ya nchi. Anayejitolea kijijini hana kadi ya kazi, hana bima, na hana mhariri wa kumpigia simu usiku.

Vita navyo havijaondoka. Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu ulitwaliwa na kundi la M23, na mwezi Desemba mwaka huohuo mapigano yalifika Uvira baada ya kupita katika bonde. Katika hali ya namna hiyo habari za vyama huonekana kuwa jambo dogo. Lakini ndipo pia zinapohitajika: watu waliohama wanataka kujua ni zahanati gani iliyo wazi, ni chama gani kinachogawa mbegu, na akiba waliyoiacha katika sanduku la kikundi iko mikononi mwa nani.

7.0 Mlinganisho na Afrika Mashariki

Juhudi za Kivu zina ndugu zake kwingineko. Nchini Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili afya. Mwaka uliofuata, 1974, gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma kutokana na elimu ya watu wazima. Nchini Kenya, kituo cha redio cha Homa Bay kilichoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO kilifungwa na serikali mwaka 1984.

Mlinganisho huu unaonyesha tofauti moja kubwa. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 dola ndiyo iliyokuwa mwandaaji. Ilikuwa na walimu, mitambo na lengo la taifa zima, na kikundi cha wasikilizaji kilipokea zaidi kuliko kilivyotuma. Homa Bay ilionyesha kwamba dola iliyoruhusu yaweza pia kufunga. Katika Kivu ya Kusini dola haikuandaa, vyama vilijiandalia. Hivyo mtiririko wa habari ulitoka kijijini mapema zaidi, lakini bila bajeti ya kudumu na bila ulinzi. Redio ya Kivu iko huru zaidi na dola kuliko vikundi vya Mtu ni Afya, na inategemea zaidi mfadhili. Hakuna sababu ya kuamini kwamba utegemezi mmoja ni mwepesi kuliko mwingine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwandishi wa kujitolea katika mahali kama Luvungi hujaza pengo lililo kati ya fedha zinazoshuka na ripoti zinazopanda. Imeonekana kwamba nguvu yake ni kuishi mahali pa habari na kuweza kurudi baada ya sherehe, na kwamba hiyo hiyo ndiyo inayomweka hatarini. Imeonekana pia kwamba lugha si kifungashio cha habari hizo. Kiswahili cha ripoti humgeuza mwanachama kuwa mlengwa na kumficha mtenda. Kiswahili cha mkutano humrudisha kila mmoja mahali pake.

Kwa idara za Kiswahili yako mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kukusanya na kuhifadhi sauti za vipindi hivi, kwa kuwa kaseti huharibika na kumbukumbu za simu hufutwa. Humo mna Kiswahili cha Kongo kinachosemwa na wakulima juu ya mambo yao wenyewe, kisichopatikana kwa urahisi vitabuni. La pili ni kufundisha ufasiri wa ripoti kama somo la kweli. Mwanafunzi anayeweza kuitwaa sentensi "fedha zilitumiwa" na kuuliza kwa utaratibu ni nani aliyezitumia, wapi na kwa ruhusa ya nani, ameelewa kauli ya kutendwa vizuri kuliko aliyekariri viambishi vyake. Tena anaweza kusaidia chama cha kijijini kwake siku ya mkutano mkuu, daftari linapofunguliwa.